Kutengeneza au Kubadilisha

Kila kitu kilichoundwa kwa mkono wa mwanadamu kina siku yake ya kuchoka, na siku hiyo ifikapo mwenye kitu hukabiliwa na swali moja: atakitengeneza au atakibadilisha? Swali hili huonekana dogo, swali la watu wa gereji na wenye maduka ya vyuma, na msomi aghalabu hulipita kama mtu apitavyo dimbwi njiani, akiinua nguo yake isichafuke. Mimi nami nililipita vivyo hivyo kwa miaka mingi. Nalirudia leo kwa sababu liliponifika mwenyewe, juu ya injini ya pikapu kuukuu, niliona kwamba ndani yake mlikuwa na swali jingine ambalo si la chuma hata kidogo. Kitu kinapoharibika kosa huwa la nani, na ni kwa njia gani kosa hilo hujulikana au hufichika?

Wengi hulijibu swali la kwanza kwa hesabu. Gharama ya matengenezo huwekwa upande mmoja wa mizani, na bei ya injini nyingine upande wa pili. Mizani ikilalia huku mtu hutengeneza, ikilalia kule hubadilisha. Siidharau hesabu. Mtu mwenye watoto wa kulisha na karo ya kulipa hana haki ya kuidharau. Lakini hesabu hupima kitakachotolewa kesho, wala haiulizi lililotokea jana. Na mimi nadai kwamba mtu hawezi kuchagua kwa haki baina ya kutengeneza na kubadilisha kabla hajajua lililotokea jana.

Pikapu niisemayo ilikuwa Toyota Hilux ya mwaka 1994, yenye injini ya dizeli ya silinda nne ambayo mafundi huiita 2L, ujazo wake sentimita za ujazo 2,446. Kazi yake ilikuwa kupanda na kushuka kati ya Mombo na Lushoto katika Milima ya Usambara. Apajuaye mahali hapo hahitaji kuelezwa. Mombo iko bondeni, kando ya barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, penye joto na mashamba ya mkonge. Lushoto iko juu, kiasi cha mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na kati ya miji hiyo miwili pana mwendo wa kilomita thelathini na ushei wa barabara nyembamba ijikunjayo ubavuni mwa mlima, kupitia Soni penye maporomoko ya maji. Kushuka, pikapu ilichukua matenga ya nyanya, kabichi na karoti. Kupanda, ilichukua saruji, chumvi, sabuni na samaki wakavu. Ilipanda na shehena hiyo kwa gia ya pili, ikinguruma kama mzee apandaye ngazi huku akilalamika.

Siku moja ya mwaka 2016 ilizimika juu kidogo ya Soni, isiwake tena. Ilivutwa mpaka Mombo, nami nikaikuta imeegeshwa karibu na soko, dereva wangu amesimama pembeni, mikono yake imejaa oili. Alikuwa kijana aliyeniendeshea kwa miaka sita bila ya kugonga hata ukingo wa daraja. Nilimwuliza kama hakuitazama geji ya joto. Akasema, "Niliitazama, mwalimu. Mshale haukupanda."

Nilimwambia kuwa ni mwongo. Nilisema hivyo kwa sauti, mbele ya wachukuzi, utingo na kina mama wauzao nyanya. Hoja yangu ilionekana imara: injini haiwezi kuungua huku mshale umelala; injini imeungua; basi mshale ulipanda, na wewe ulikuwa ukizungumza au ukisinzia. Wanafunzi wa mantiki watatambua umbo la hoja hiyo, nao hawataliona kosa lake, maana kosa halimo katika umbo. Nikazuia mishahara yake ya miezi miwili iwe fidia ya injini. Hakubishana. Alinipa funguo, akaenda zake.

Marafiki wote walinipa shauri moja: badilisha. Injini zilizotumika hutoka Japani, zikitolewa katika magari yaliyoachwa huko, zikafika bandarini Dar es Salaam ndani ya makontena na kuuzwa katika maduka ya spea ya Kariakoo, Gerezani na Ilala. Mtu huchagua, husikilizishwa ikiwashwa chini kwa betri na kopo la dizeli, hulipa, hupakia. Kazi ya kuifunga ni ya siku tatu ikiwa ni ya ukoo mmoja na ile iliyokufa. Shauri hilo lilinipendeza mno, na zamani nilidhani lilinipendeza kwa ajili ya zile siku tatu. Sasa nadhani lilinipendeza kwa kuwa halikuwa na maulizo. Injini ya zamani ingeng'olewa ikiwa imefungwa kama ilivyo, ikauzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu kwa uzito wake, nayo ingeondoka na kila ilichokijua.

Hapa yafaa niseme neno juu ya mjadala wa kale, kwa kuwa msomaji yumkini ameshaukumbuka. Plutarch ameandika kwamba watu wa Athens waliihifadhi merikebu ya Theseus, wakiondoa mbao zilizooza na kutia mpya mahali pake, hata wanafalsafa wakagawanyika, hawa wakisema merikebu ni ile ile, wale wakisema siyo. Baadaye Hobbes, katika kitabu chake cha mwaka 1655, aliuzidishia ugumu: je, kama mtu angezikusanya zile mbao kuukuu na kuziunga upya kwa mpango wake wa kwanza, ipi ingekuwa merikebu ya Theseus? Mjadala huu ni mzuri, na watu wa pwani yetu wameuishi bila kuuandika. Jahazi huondolewa ubao leo, likatiwa mwingine. Mwakani hubadilishwa mlingoti, mwaka wa tatu tanga. Hukalafatiwa kila mara kwa pamba na mafuta. Na baada ya miaka arobaini baharia hulitaja kwa jina lile lile wala haoni haya. Serikali nayo ina jibu lake. Kadi ya gari katika Tanzania huandikwa namba ya chasisi na namba ya injini. Injini ikibadilishwa kadi hurekebishwa, na gari hubaki lile lile. Moyo waweza kuondoka, mifupa ikibaki jina linabaki.

Lakini kwa jambo langu mjadala huo, pamoja na uzuri wake, ulikuwa njia ya kupotea. Unauliza kama kitu ni kile kile, hauulizi kwa nini ubao ulioza. Wanafalsafa wa Athens waliitazama merikebu, na sijui kama yuko hata mmoja aliyemtazama mlinzi wake.

Aliyeuliza alikuwa fundi. Alikuwa mtu mzima wa Tanga, mchache wa maneno, ambaye kwake nilipeleka pikapu pamoja na injini ya Japani niliyokwisha kuilipia. Aliizunguka gari mara mbili, akapapasa rejeta kwa kidole, akakinusa kidole. Kisha akasema hataifunga injini ile mpaka aifungue ya zamani. Nilimwambia sikumlipa kufungua maiti. Akajibu kwa upole, "Hii ilikufa kwa kitu, mwalimu. Kitu hicho kikiwa bado kiko ndani ya gari, nitakuwa nimekuletea maiti ya pili."

Aangalie msomaji kwamba fundi hakuwa akitafuta haki. Hakumjua dereva wala hakusikia habari zake. Alikuwa akiilinda kazi yake isiharibike na jina lake lisichafuke. Haki iliingia kwa mlango wa tahadhari, na pengine huingia kwa mlango huo mara nyingi kuliko tupendavyo kukiri sisi tunaoiandikia vitabu.

Alipokiinua kichwa cha silinda tulikuta gasketi imeungua baina ya silinda ya tatu na ya nne, na kichwa chenyewe kina ufa mwembamba katikati ya vali. Pistoni za silinda hizo mbili zilikuwa zimezikwaruza kuta kwa mistari iliyoshikika kwa ukucha. Hiyo ni dalili ya joto kupita kiasi, na mpaka hapo nilijiona bado mshindi. Ndipo akaigeukia rejeta.

Rejeta ile naijua historia yake, maana niliiandika mwenyewe katika daftari la matumizi. Ilikuwa imetiwa lehemu mara saba. Kila ilipovuja niliambiwa ninunue nyingine, na kila mara nilijibu kwamba kitu hutengenezwa, hakitupwi. Nikajisifu kwa marafiki kuwa mimi si mtu wa anasa. Kwa kuwa ilivuja haikutiwa kulanti, ambayo ni ghali kuimwaga njiani; ilitiwa maji ya bomba, na mlimani ya mto. Maji hayo yaliacha kutu na magadi ndani ya vijibomba hata karibu nusu yake vikaziba. Mfuniko wake ulikuwa umelegea. Sasa maji yasiyobanwa huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi kando ya bahari, na katika urefu wa Lushoto huchemka kwa nyuzi 95 hivi. Mfuniko mzima huyabana yasichemke mpaka yapite nyuzi 115, lakini uliolegea hauyabani. Tena themostati ilikuwa imeondolewa zamani kwa idhini yangu, kwa sababu ipendwayo na wengi, kwamba nchi yetu ni ya joto na kifaa hicho ni cha nchi za baridi. Katika injini nyingi themostati ifungukapo njia ya kwenda katika rejeta huifunga kwa upande wake wa pili njia ya mkato irudishayo maji katika injini. Ikiondolewa, njia ya mkato hubaki wazi daima, na sehemu ya maji huzunguka ndani kwa ndani bila ya kupoa. Injini hukosa joto la kutosha mteremkoni, ikazidiwa na joto mlimani. Nilikuwa nimelipia mambo hayo yote moja moja, na kila moja lilikuwa na stakabadhi.

"Na geji?" nikauliza. Lilikuwa tumaini langu la mwisho.

Fundi alikifungua kile kijiti cha shaba kipimacho joto la maji, akakiunga na waya wake, akaunga mwili wake na chasisi kwa waya mwingine, akawasha swichi. Akachemsha maji katika kopo la maziwa, akakitumbukiza. Mshale ukapanda mpaka karibu na alama nyekundu. Kisha akakiinua nje ya maji, akakishika juu ya kopo. Mshale ukashuka taratibu, ukalala. Hakusema neno, na hapakuwa na haja ya neno. Kijiti kile hupima maji yanayokigusa. Maji yakiisha kinabaki hewani, na injini yaweza kuwa tanuru huku geji ikisema mambo ni shwari. Lehemu ya chini ya rejeta ilikuwa imeachia. Maji yalimwagika mlimani, kijiti kikabaki kikavu, mshale ukalala, na dereva akasema kweli.

Waswahili husema mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Methali hiyo niliwahi kuifafanua darasani mara nyingi bila ya kuona kuwa mbaazi waweza kuwa na daftari la matumizi na mwandiko mzuri.

Sasa narudi kwa swali langu. Watu wa siku hizi wapendao mambo ya zamani husifu kutengeneza kuwa ni wema na hulaumu kubadilisha kuwa ni ufujaji. Nilikuwa mmoja wao, na injini yangu iliuawa na sifa hiyo. Lehemu saba zilikuwa matengenezo saba. Kila moja liliziba tundu lililoonekana na kuliacha lililosababisha tundu. Kila moja lilikuwa njia ya kutouliza, sawasawa na ile injini ya Japani. Kwa hiyo mpaka uliopo baina ya mema na mabaya katika jambo hili hauko mahali wengi wanapouweka, baina ya kutengeneza na kubadilisha. Uko baina ya kazi inayotafuta chanzo na kazi inayokifunika, na kila moja kati ya kazi hizo mbili yaweza kufanywa kwa lehemu au kwa injini nzima.

Lugha yetu yenyewe inadokeza jambo hilo. Mtu hutengeneza meza ambayo haikuwapo, na hutengeneza meza iliyovunjika, kwa kitenzi kimoja. Na mzizi wake ni kutengenea, yaani kuwa katika hali njema na mpango ufaao. Aliyeziba tundu na kuacha kitu hakijatengenea hajakitengeneza, hata akilipwa. Nao hatuwaiti mafundi watu wa namna hiyo pasipo kusita kidogo.

Rafiki mmoja alinipinga, na upinzani wake haukuwa mwepesi. Alisema: mtu hawezi kufungua kila kitu kilichokufa. Fukara aliyeharibikiwa hana muda wala fedha ya kuchunguza. Atabadilisha akibahatika, ataacha asipobahatika. Je, naye ana hatia? Nakubali kwamba pana mahali ambapo uchunguzi ni anasa. Lakini hata fukara huyo, asipochunguza, anaweza kunyamaza juu ya mkosaji. Asiyejua chanzo ana ruhusa ya kutojua. Hana ruhusa ya kumtaja mtu. Mimi niliharakisha hukumu na kuahirisha ushahidi, kisha nikawa karibu kuuza ushahidi wenyewe kwa kilo. Akaniuliza tena: na kama injini ingefunguliwa ikamwonyesha dereva kuwa ndiye mwenye kosa? Uchunguzi ungekuwa wa haki vile vile, na mishahara ningeizuia kwa mkono usiotetemeka. Ninaloliogopa zaidi ni jambo jingine. Kama fundi angekubali amri yangu, ningeishi mpaka leo nikiwa na dhamiri safi. Ningemkumbuka kijana yule kwa huruma kidogo, labda hata ningesema nimemsamehe. Sioni hali mbaya kuliko hiyo, ya kumsamehe mtu kwa kosa lako mwenyewe.

Injini ilibadilishwa. Nalitaja jambo hili upesi kwa kuwa lilikuwa jambo dogo: silinda zilikwisha kutobolewa na kupanuliwa mara moja na mwenye gari aliyenitangulia, hapakusalia unene wa kutosha wa kuzipanua tena, na kichwa kingine kingegharimu karibu bei ya injini nzima. Safari hii hesabu iliachiwa iseme, kwa kuwa yaliyokuwa si ya hesabu yalikwisha kusemwa. Ilinunuliwa rejeta mpya, mfuniko mpya, themostati na kulanti, na fundi akafunga kijitaa kidogo cha kuonya maji yapunguapo, ambacho sikumwomba na ambacho hakunitoza.

Nilimfuata dereva nyumbani kwao, karibu na Soni. Alikuwa amekwisha pata kazi ya lori la mtu mwingine. Nilimpa mishahara yake yote, nikamweleza habari ya kopo la maziwa tangu mwanzo mpaka mwisho. Alisikiliza akitazama chini, kama asikilizavyo mtu habari ambayo aliijua kabla ya msimulizi. Alizihesabu fedha, akazikunja, akashukuru. Nikamwomba arudi. Akasema, "Hapana, mwalimu. Fedha nimepokea. Lakini uliniita mwongo sokoni, si hapa."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, hata kwa kudaiwa nyongeza. Kwa neno hilo sikuwa nimejiandaa. Injini hupatikana Gerezani, na mwenye fedha huichagua. Jina la mtu halikai dukani. Limegawanyika katika vichwa vya watu waliokuwapo, na kila mmoja ameondoka na kipande chake. Wengine wa siku ile walikuwa wapita njia tu, waliokwisha kwenda Korogwe au Same wakiwa na habari ya dereva aliyeua injini ya mwalimu. Hao sikuweza kuwafuata.

Siku ya soko iliyofuata nilikwenda Mombo. Nilisimama mahali pale pale, karibu na matenga, nikasema kwa sauti ile ile kwamba kijana yule alisema kweli, na kwamba injini niliiua mimi kwa rejeta mbovu niliyokataa kuinunulia badala yake kwa miaka minne. Utingo mmoja alicheka. Mama mmoja muuza nyanya, ambaye namkumbuka kuwa alikuwapo siku ya kwanza, alitikisa kichwa polepole, nisijue kama alinikubali au alinisikitikia. Wengine waliendelea kupanga matenga yao. Nilipokwisha kusema, mzee mmoja alinisogelea akaniuliza kama pikapu imepona, kwa maana alikuwa na kabichi za kuteremsha kutoka Lushoto siku ya Ijumaa, na akataka kujua ni nani sasa anayeiendesha.